Nyongeza ya Sampu kwenye Gari la Michezo la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu ambaye tayari ana nyongeza ya sampu, yaani kikopo cha ziada kilichofungwa chini ya sampu (bakuli la oili la injini), awe aliifunga mwenyewe au aliikuta pale aliponunua gari. Mifano mingi nimeitoa kwenye injini za silinda nne zilizolala, zinazopozwa kwa hewa, yaani za Volkswagen za zamani na Porsche 914. Hizo ndizo zinazofungwa nyongeza hizi kwa wingi, na ndizo zilizonichafua mikono. Mwenye injini ya silinda zilizosimama naye ana swali lake huko mbele.

Nyongeza ya sampu inafanya kazi gani hasa?

Injini hizi zilitengenezwa zikiwa na sampu fupi na pana. Oili imetandazwa kama chai kwenye sahani, si kama chai kwenye kikombe. Gari likienda moja kwa moja hakuna tatizo. Likikata kona kwa kasi, oili inakimbilia upande wa nje, na bomba la kunyonyea lililo katikati linabaki likivuta hewa. Msukumo wa kona ukifikia sawa na nguvu ya mvutano wa dunia, yaani 1 g, uso wa oili unainama nyuzi 45. Chukua sahani ya chai uiinamishe hivyo, utaona kinachobaki katikati.

Nyongeza ni kikopo au sanduku la alumini linalofungwa chini ya sampu, mahali pa kile kifuniko cha chujio. Inachimba shimo, kwa maneno mengine, ambamo oili inabaki hata gari likiinama, na bomba la kunyonyea linarefushwa hadi ndani ya shimo hilo. Kuongezeka kwa oili ni faida ya pili. Watu wengi huitaja kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye tangazo.

Kwa nini yote haya? Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara 100 kila sekunde. Sekunde mbili za kunyonya hewa ni mizunguko 200 ambayo beringi (vikalio ambamo mhimili huo unazunguka) zinaisubiri oili isiyokuja.

Gari langu ni Porsche 911. Je, linahusika?

Hapana. 911 ya zamani ina sampu kavu: oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni na pampu ina sehemu ya kuivuta kutoka chini ya injini kuirudisha tangini. 914/6 nayo ni hivyo hivyo, maana injini yake ya silinda sita ilitoka kwenye 911. Tunazungumzia 914 za silinda nne (za lita 1.7, 1.8 na 2.0, zilizotengenezwa kati ya 1969 na 1976), Volkswagen, na ndugu zao wenye sampu ya kawaida.

Nimenunua gari ambalo tayari lina nyongeza. Nianze kukagua nini?

Anza na bomba la kunyonyea. Usianze na uvujaji, usianze na rangi, usianze kuuliza ni ya kampuni gani. Mwaga oili, fungua nyongeza, uangalie kama bomba limerefushwa.

Nimeshafungua zaidi ya moja ambayo haikuwa na kirefusho kabisa. Mtu alinunua kikopo kizuri, akakifunga, akaongeza oili, akaridhika. Bomba lilikuwa bado linanyonya kule kule juu lilikokuwa likinyonya tangu kiwandani, na oili iliyojaa kikopo ilikuwa imelala chini ya mdomo wake bila kuguswa. Gari la namna hiyo lina uzito zaidi na liko karibu zaidi na mawe ya barabarani, basi.

Kama kirefusho kipo, kagua mambo matatu. Kwanza, je, kimeshika? Kishike uzungushe, kikicheza, pale kwenye maungio kuna upenyo, na pampu hunyonya kilicho rahisi. Hewa ni rahisi kuliko oili. Maungio yakiwa yamezama kwenye oili hutaona dalili yoyote, lakini oili ikishuka au ikikimbilia pembeni ndipo hewa inaingia, yaani saa ile ile uliyoifungia nyongeza ili ikuokoe. Pili, mdomo wa bomba uko umbali gani kutoka chini ya kikopo? Ukigusana na sakafu umejiziba. Nafasi ya milimita 6 hadi 10 inatosha. Njia rahisi ya kupima ni kubandika donge la udongo wa kuchezea ndani ya kikopo, kufunga bila kukaza sana, kufungua, kisha kupima unene wa donge lililobaki. Likwangue lote kabla ya kufunga kwa kweli. Tatu, chujio la waya lipo na halijatoboka?

Nijaze oili kiasi gani? Na kijiti cha kupimia bado kinasema kweli?

Kijiti kinasema kweli. Alama zake zinapima urefu wa oili chini ya krankishafti, na krankishafti haijahama. Kilichoongezeka kiko chini kabisa, mahali ambapo kijiti hakifiki.

Kwa hesabu: injini ndogo ya Volkswagen huchukua lita 2.5 ikiwa ya kiwandani. Nyongeza nyembamba inayotumika sana inaongeza takribani lita 1.4, hivyo utakaribia lita 4. Injini ya 914 huchukua lita 3.5 pamoja na kichujio, na kile kikopo chake kidogo cha mviringo kinaongeza kama nusu lita tu. Lakini usijaze kwa kuamini hesabu. Jaza pungufu kidogo, washa injini dakika mbili, zima, ngoja dakika tano gari likiwa mahali tambarare, kisha ongeza kidogo kidogo hadi kijiti kiridhike.

Wapo wanaosema "ukiwa na nyongeza, jaza hadi juu ya alama kwa usalama." Wasikudanganye. Oili ikifika kwenye krankishafti inapigwapigwa, inageuka povu, na povu pampuni ni hewa. Mimi huishia kati ya alama ya chini na ya juu, nikielekea ya juu.

Baada ya kujaza kwa mara ya kwanza, andika kiasi ulichomimina kwenye karatasi ubandike chini ya boneti. Atakayekuja baada yako akisoma kitabu cha gari ataweka lita za kiwandani, na atakuwa amepungukiwa.

Kwa kuwa oili ni nyingi, naweza kuchelewa kuibadilisha?

Swali hili linaniudhi kidogo, kwa sababu ndilo linaloua injini za magari yanayopendwa.

Oili nyingi inachafuka polepole zaidi, ni kweli. Lakini gari la michezo la zamani kwa kawaida haliendi kilomita nyingi. Linatolewa Jumapili, linazungushwa dakika ishirini, linarudishwa bandani. Adui wake ni maji na petroli isiyoungua inayoteremka kupita pembeni mwa pistoni. Maji hayo hayaondoki mpaka oili ipate joto la kutosha kwa muda wa kutosha, na oili nyingi inachelewa kupata joto. Kwa hiyo kwa safari fupi nyongeza inaongeza tatizo badala ya kulipunguza. Ukifungua kifuniko cha kujazia ukakuta ute mweupe kama maziwa yaliyoganda, hayo ndiyo maji.

Mimi hubadilisha kila kilomita 5000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Kwenye injini ndogo ya Volkswagen isiyo na kichujio cha karatasi, ile yenye chujio la waya peke yake, ningeshuka hadi 3000, kwa kuwa waya unazuia mawe, hauzuii vumbi.

Kuhusu aina: watu wengi hutumia 20W-50, au oili nyepesi kidogo palipo na baridi. La muhimu zaidi ni zinki. Injini hizi zina tapeti bapa (vipande vinavyosukuma fito za valvu) zinazosuguana na kamshafti (mhimili unaofungua valvu), na oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa mchanganyiko wa zinki na fosforasi ili kulinda vifaa vya ekzosi. Tafuta oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za zamani.

Namwagaje oili vizuri, ili isibaki chini?

Ikiwa ya moto. Tembeza gari robo saa, liinue, fungua bolti ya kumwagia, nenda kanywe chai. Nyongeza nyingi zina bolti yake yenyewe chini kabisa au ubavuni. Ikiwa iko ubavuni, kuna kisima kidogo cha oili kinachobaki chini ya tundu, na ndicho chenye matope. Kila ukibadilisha oili mara mbili, basi mara moja kati ya hizo teremsha nyongeza nzima, uifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uangalie chujio.

Uangalifu: bolti ya chuma ndani ya alumini. Iingize kwa vidole mizunguko mitatu ya kwanza. Ikikataa kwa vidole, haitakubali kwa spana, itapita tu kwa nguvu na kuharibu uzi, ile mikato ya skrubu ndani ya tundu.

Kwenye sumaku ya bolti nimekuta uchafu. Niogope?

Inategemea unavyohisiwa kati ya vidole viwili.

Tope la kijivu, laini kama poda ya uso, ni la kawaida; chuma kinasuguana na chuma na hicho ndicho kinachobaki. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida. Vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki vinatoka kwenye kitu kinachobanduka: tapeti, kamshafti, gia.

Usisahau kwamba sumaku haishiki kila kitu. Alumini ya pistoni haishikwi, wala madini ya beringi. Hayo utayaona kwenye oili yenyewe. Imimine polepole kupitia kitambaa cheupe kwenye jua. Ukiona chembe za rangi ya shaba, beringi imekwisha kulika tabaka la juu na unaona la chini yake. Hapo usiwashe tena injini. Kama gari lina kichujio cha kuzungusha, kikate ukifungue, tandaza karatasi yake, isome kama gazeti.

Bolti za nyongeza nizikaze kiasi gani?

Kidogo. Kidogo kuliko mkono wako unavyotaka.

Kwenye injini ndogo ya Volkswagen kifuniko kinashikwa na nati sita za M6 (za uzi wa milimita 6), na kiasi chake ni Nm 7 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Hicho ni kiasi cha kukaza kifuniko cha mtungi wa jemu kwa mtu mwenye hasira kidogo. Kasha la injini hiyo ni la magnesi, chuma laini sana, na stadi zake, yaani bolti zisizo na kichwa zilizopandwa ndani yake, zinang'oka pamoja na uzi kama jino bovu. Kwenye injini ya 914 kasha ni la alumini, lina nguvu zaidi, lakini kifuniko kinashikwa na bolti moja ya katikati, na bolti hiyo inavuta daraja jembamba lililo ndani ya kasha. Kiasi chake ni kama Nm 13. Ukizidisha, hutavunja bolti, utavunja daraja, na daraja ni sehemu ya kasha. Kulibadilisha maana yake ni kufungua injini nzima. Kama nyongeza yako ilikuja na maelekezo yenye kiasi chake, fuata hayo.

Mimi binafsi niliwahi kung'oa stadi mbili jioni moja. Oili ilikuwa ikidondoka tone moja kwa usiku, nikakaza; ikadondoka tena, nikakaza tena. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya kasha na kifuniko, ilikuwa imekunjamana tangu mwanzo, na hakuna mkazo ungeinyoosha. Tangu siku hiyo spana yangu ya M6 kwa kazi hii ni fupi kama kidole, na toki renchi (spana inayopima mkazo) ninayoitumia ni ile ndogo inayoanzia Nm 5. Toki renchi kubwa ya magurudumu haiwezi kusoma Nm 7. Utaisubiri ilie, na itakapolia kutakuwa hakuna tena uzi.

Kaza kwa kupishana, kama unavyofunga gurudumu, kwa hatua mbili au tatu. Kisha endesha kilomita 100 hivi, acha injini ipoe kabisa, upime tena mkazo. Gasketi ya karatasi hulala baada ya joto la kwanza, na nati zilizokuwa sawa zinakuwa legevu kidogo. Kuzirudisha kwenye kiasi kile kile inatosha. Baada ya hapo, kagua kila unapobadilisha oili, na kila baada ya siku ya mashindano.

Nipake silikoni kwenye gasketi?

La. Silikoni ikibanwa inatoka pande mbili, nje na ndani. Ya nje unaiona na kuifuta. Ya ndani inaning'inia kama mnyoo, inakatika, inaenda moja kwa moja kwenye chujio ambalo liko hapo hapo sentimita chache. Nimeona chujio lililozibwa nusu kwa vipande vya silikoni ya buluu, na mwenye gari alikuwa amekuja akilalamikia pampu.

Gasketi mpya, nyuso safi na zilizonyooka, basi. Ukipenda, pakaa oili kidogo au grisi nyembamba ili karatasi isigande siku ya kufungua. Kama nyuso zina mikwaruzo, tumia gundi isiyoganda, tabaka jembamba la kuona rangi ya chuma chini yake.

Kuondoa gasketi ya zamani, tumia kipande cha plastiki kigumu au ukingo wa mbao, na uvumilivu. Usitumie vile visahani vya kusugulia vinavyofungwa kwenye drili. Chembe zake ni za mchanga mgumu kuliko beringi yoyote, na zinaingia ndani ya injini hata ukiweka kitambaa.

Wosha za shaba ziwe mpya kila mara. Ukikosa mpya, zipashe moto hadi ziwe nyekundu iliyofifia, kisha zitumbukize majini. Shaba haifanyi kama chuma, haiwi ngumu kwa kupozwa ghafla, inarudi kuwa laini.

Inavuja. Nibadilishe gasketi?

Kwanza hakikisha ni yenyewe inayovuja. Nyongeza ndiyo sehemu ya chini kabisa ya injini, kwa hiyo kila tone linalotoka popote pale juu huishia kwake na kudondokea hapo. Inabeba lawama za jirani zake wote. Kwenye injini hizi washukiwa wa kweli mara nyingi ni mirija ya fito za kusukuma valvu, vifuniko vya valvu, sili za kipoza oili, na sili kubwa iliyo nyuma ya flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krankishafti). Upepo wa safarini unaisukuma oili nyuma, ukitazama baadaye unaona sampu imelowa.

Osha sehemu yote kwa dawa ya kuondoa grisi, ikauke, nyunyiza poda nyeupe ya mtoto, washa injini hapo hapo bila kuendesha, dakika kumi. Poda itaonyesha mstari wa kwanza. Kama mstari unaanzia kwenye maungio ya nyongeza, fungua, ubadilishe gasketi, na uweke kifuniko juu ya kioo kinene uone kama kimepinda. Kilichokazwa kupita kiasi kwa miaka hupinda kwenye matundu, kikawa na mawimbi. Kinasawazishwa kwa karatasi ya msasa iliyotandazwa juu ya kioo, kwa kusugua namba nane. Kikishasawazika, kioshe mara mbili.

Uzi umekufa. Kuna tiba?

Ipo, na ni nzuri kuliko uzi wa asili. Kuna uzi wa chemchemi unaoingizwa ndani ya tundu lililotobolewa upya, na kuna stadi zenye ngazi, nene upande wa ndani, M6 upande wa nje. Tatizo ni takataka za drili: tundu liko mlangoni mwa injini. Paka drili grisi nene ili ishike chembe, toboa polepole, gari likiwa limeinuliwa na tundu likitazama chini. Kama hujawahi, mpe fundi aliyewahi. Kukosea tundu hili ni ghali.

Taa ya oili inawaka kidogo kwenye kona ndefu, ingawa nina nyongeza. Kwa nini?

Punguza mwendo kwanza, tuzungumze baadaye.

Taa ile haikuambii "oili inapungua." Swichi ya Volkswagen inawasha taa presha inapoanguka hadi kati ya bar (kipimo cha presha) 0.15 na 0.45, yaani karibu na sifuri. Presha ya afya kwa injini hizo ikiwa na joto ni angalau bar 2 kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Kati ya bar 2 na kuwaka kwa taa kuna umbali mrefu, na huo wote umepita bila wewe kujua. Ndiyo maana mtu anayeendesha kwa kasi anahitaji geji ya presha yenye mshale, iliyo mahali jicho linafika.

Sababu, kwa mpangilio ambao ningezikagua: oili imepungua, maungio ya kirefusho yanavuta hewa, oili imekuwa moto na nyepesi mno, pampu au beringi zimechoka. Zikiisha hizo zote, basi umefika mwisho wa uwezo wa nyongeza. Kwenye kona ndefu oili nyingi hukimbilia kichwa cha silinda cha upande wa nje na kujaa ndani ya kifuniko cha valvu, na kikopo cha nusu lita hakiwezi kungojea irudi. Vizuizi vya bati ndani ya sampu vinasaidia. Baada yake kuna tangi la akiba la presha, linalomwaga oili kwenye mfumo pale presha inaposhuka, na baada ya hilo kuna sampu kavu, ambayo ni mradi wa pesa na wa miezi.

Inapunguza joto la oili?

Kidogo sana. Inachelewesha joto kupanda, na mbavu zake za nje zinapoteza joto upepo ukipita. Ukiendesha saa nzima kwa kasi ile ile, oili itafika karibu na joto lile lile. Mwenye tatizo la joto anahitaji kipoza oili.

Mbavu hizo zisafishwe. Matope yaliyokauka kati yake ni blanketi. Na kwa kuwa joto linachelewa kupanda, usikanyage mafuta sana mpaka oili ifike nyuzi 70 au 80. Kati ya 80 na 110 ni kwake nyumbani. Ikivuka 120, legeza mguu. Kama sensa ya joto umeihamishia kwenye nyongeza, tarajia namba tofauti na za zamani, kwa sababu sasa inapima oili iliyo kwenye kikopo kinachopigwa na upepo.

Imegonga jiwe. Haivuji. Niendelee kuendesha?

Hadi nyumbani, kwa utaratibu. Halafu ifungue.

Alumini ya kumimina haibonyei vizuri, inapasuka, na ufa unaweza kuwa mwembamba usiotoa oili mpaka ipate moto. Pia kikopo kilichosukumwa juu milimita nane kimekula nafasi yote ya mdomo wa bomba. Kisafishe kabisa, pakaa dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa, futa, nyunyiza ile nyeupe, ngoja. Ukiona mstari mwekundu, kibadilishe. Kulehemu inawezekana, lakini alumini iliyoloweshwa na oili miaka ishirini imenyonya oili vitunduni, na mlehemu ataona mapovu mpaka achoke. Bei ya kikopo kipya kwa kawaida inamaliza mjadala. Kagua na stadi zote: kipigo cha pembeni kinaishia kwao.

Naweza kuweka jeki chini yake?

Hapana, hata kwa kipande cha mbao, hata "mara moja tu."

Injini yangu ni ya silinda zilizosimama. Mambo ni yale yale?

Kanuni ni zile zile, mahali tofauti. Huko nyongeza huwa ni sampu nzima ya alumini yenye kina zaidi, au fremu inayoingizwa kati ya sampu na bloku, au mabawa yaliyolehemewa kwenye bati la kiwandani. Gasketi ni ndefu, mara nyingi ya koki, na koki inakandamizika bila kikomo kwa anayependa kukaza. Simamisha pale inapoanza kutuna pembeni. Penye mabawa ya kulehemu kagua pembe za ndani, ndipo nyufa zinapozaliwa. Kagua pia kama milango midogo ya bati ndani yake inafunguka na kujifunga. Ikikwama wazi ni kama haipo.

Gari litalala miezi kadhaa. Nifanye nini?

Badilisha oili kabla ya kulilaza, si baada. Oili chafu ina asidi na maji, na vyote viwili vitapata muda wa kutosha kula beringi. Siku ya kuamsha, chomoa waya wa koili (inayotoa cheche) ili injini isiwake, piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, kisha rudisha waya na uwashe. Fanya hivyo hivyo kila baada ya kufungua nyongeza, kwa kuwa bomba refu lina hewa nyingi zaidi ya kuvutwa kabla oili haijafika.

Nataka kulipeleka gari kwenye maonyesho ya magari yaliyo kama yalivyotoka kiwandani. Naweza kuiondoa?

Ndiyo, na ni kazi ya mchana mmoja, ilimradi hukutupa kifuniko cha asili, chujio na nati zake. Viweke kwenye mfuko wenye jina la gari. Ondoa na kirefusho cha bomba pia. Kikisahauliwa, chujio la asili halitakaa mahali pake, na ukilazimisha kifuniko utalipinda. Gasketi mpya pande zote, mkazo ule ule mdogo. Kisha jaza lita za kiwandani, na ile karatasi uliyoibandika chini ya boneti, ibandue.